Kukodi gari Kigoma na Tabora: ofisi, dalali au gari la hoteli?

Ukiuliza bei ya gari Kigoma mjini, utajibiwa kwa namba moja: shilingi elfu kadhaa kwa siku. Namba hiyo peke yake haikusaidii kuchagua. Gari la elfu 80 linaweza kukuachia deni la laki nne, na la laki na thelathini likaishia laki tatu na kidogo, kwa safari ileile. Tofauti inaletwa na mambo ambayo wengi hawayataji mpaka siku ya kurudisha funguo: kilomita, mafuta, saa za kuchelewa, mikwaruzo, bima na posho ya dereva.

Ulinganisho huu unatazama jumla ya siku hiyo ya mwisho. Bei zilizomo kwenye mahesabu ni za mfano tu, ili ukokotoaji uonekane. Ukishapata bei halisi za mtaani kwako, ziweke mahali pake na upige hesabu upya.

Njia tatu za kulipata gari

Ya kwanza ni ofisi ya kukodisha yenye leseni ya biashara. Hapa kuna mkataba uliochapwa, risiti ya EFD (ya mashine ya kodi), na mara nyingi gari lenye namba nyeupe, yaani lililosajiliwa kwa biashara. Bei ya siku iko juu na orodha ya masharti ni ndefu, lakini angalau unaisoma kabla ya kusaini. Udhaifu wake kwa miji yetu ni kwamba magari ni machache. Lisipokuwepo hapo, ofisi italiagiza kutoka Mwanza au Dar es Salaam, na gharama ya kulileta na kulirudisha itaingia kwenye ankara yako. Uliza swali moja mapema: "Gari lipo hapa mjini sasa hivi?" Kama halipo, omba gharama ya kulileta iandikwe kwa tarakimu, pamoja na kilomita ambazo mita itasoma siku utakapokabidhiwa. Bila hivyo kilomita za kutoka Mwanza zitahesabiwa kuwa zako.

Ya pili ni gari la mtu binafsi kupitia dalali. Hii ndiyo njia ya watu wengi, na bei ya kuanzia ndiyo ya chini kuliko zote. Tatizo lake ni kwamba unazungumza na mtu ambaye gari si lake. Dalali anaahidi kilomita zisizo na kikomo kwa sababu anataka kamisheni yake leo, mwenye gari anakuja siku ya kurudisha na kusema hakuwahi kuambiwa. Kila mmoja anamtupia mwenzake, na fedha yako ya dhamana imo mkononi mwa mmoja wao. Ukitumia njia hii, zungumza na mwenye gari mwenyewe kabla ya kulipa, omba akuonyeshe kadi ya gari na kitambulisho chake, uone kama vina jina moja, kisha mtumie ujumbe mfupi wenye masharti yote na usubiri ajibu "nimekubali". Ujumbe huo ni ushahidi. Maneno ya dalali kijiweni si ushahidi wa maana.

Ya tatu ni gari la hoteli au la wakala wa safari. Karibu kila mara linakuja na dereva, na gharama inaingizwa kwenye bili ya chumba. Kwa kuchukuliwa uwanja wa ndege au stesheni ni njia rahisi. Kwa siku nzima za kazi ni njia ghali, na inazaa tozo moja inayosumbua: ada ya kusubiri. Treni ya reli ya kati ikichelewa kufika Tabora au Kigoma, dereva aliyekaa stesheni tangu alfajiri ataidai kila saa. Patana kwa tukio, usipatane kwa saa: "Nichukue treni ya Dar ikifika, bei ni hii, iwe imewahi au imechelewa."

Siku ni saa ngapi?

Swali hili linaonekana la kitoto mpaka uone ankara. Kwa gari unaloendesha mwenyewe, siku huwa ni saa 24 tangu kukabidhiwa. Kwa gari lenye dereva, wengi huhesabu siku ya kazi: asubuhi mpaka jioni, takriban saa 12. Ukilichukua saa 4 asubuhi Jumatatu na kulirudisha saa 7 mchana Jumatano, ofisi moja itahesabu siku mbili na saa tatu, nyingine itahesabu siku tatu kamili kwa kuwa umegusa Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Omba saa ya kukabidhiwa iandikwe kwenye mkataba pamoja na muda wa uvumilivu. Saa moja au mbili bila malipo ni jambo la kawaida kuomba. Baada ya hapo, tozo ya haki ni sehemu ya siku, kwa mfano moja ya kumi ya bei ya siku kwa kila saa, hadi ifike bei ya siku nzima. Siku nzima kwa dakika 40 za kuchelewa ni tozo ya kupinga mapema, kabla ya kusaini.

Bei ya siku yenye kikomo, au bei isiyo na kikomo

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, kwa sababu miji yetu ni midogo ila wilaya zake ziko mbali. Toka Kigoma mpaka Kasulu kupitia Kidahwe ni karibu kilomita 100. Kigoma hadi Manyovu ni kama 60. Tabora hadi Nzega ni 115, Tabora hadi Urambo ni kama 94. Kwenda na kurudi tu, kikomo cha kilomita 100 kwa siku kimeshapita, isipokuwa uwe unazunguka Ujiji, Gungu na Mwanga, ndani ya mji wa Kigoma.

Tuchukue mtu mwenye kazi Kasulu siku mbili, anayelala Kigoma. Atakwenda na kurudi mara mbili, kilomita 400, na kuzunguka mjini kilomita 30. Ofa A ni gari bila dereva: 80,000 kwa siku, kikomo kilomita 100 kwa siku, kila kilomita ya ziada 700, kuosha gari 15,000. Ofa B ni gari na dereva: 130,000 kwa siku, kilomita huru, posho ya dereva 30,000 kwa siku. Mafuta ni ya mkodi kwa ofa zote mbili, hivyo hayabadilishi ulinganisho.

| | Ofa A | Ofa B |
|---|---|---|
| Bei ya siku mbili | 160,000 | 260,000 |
| Kilomita 230 za ziada | 161,000 | 0 |
| Posho ya dereva | 0 | 60,000 |
| Kuosha | 15,000 | 0 |
| Jumla | 336,000 | 320,000 |
| Ukichelewa saa tatu, A ikitoza siku nzima | 416,000 | 320,000 |

Sasa mtu yuleyule akibaki mjini, kilomita 60 kwa siku, A inakuwa 175,000 na B inabaki 320,000. Ofa A si mbaya. Ni ya mtu wa mjini. Mpaka wa kuamulia unapatikana hivi: chukua tofauti ya gharama zisizobadilika (320,000 toa 175,000 ni 145,000), igawe kwa tozo ya kilomita ya ziada (145,000 kwa 700 ni kama 207), kisha ongeza kilomita ulizopewa bure (200). Jibu ni kilomita 407 kwa siku mbili. Chini ya hapo chukua A, juu ya hapo chukua B. Hesabu hii inachukua dakika moja kwenye simu na inafanya kazi kwa ofa zozote mbili, moja ikiwa na kikomo na nyingine kilomita huru.

Ipo pia bei ya safari, ile ya kupatana "Kasulu na kurudi" kwa namba moja, mafuta na dereva ndani. Kwa safari ya siku moja yenye mwisho unaojulikana, hii ndiyo salama kuliko zote. Inaharibika pale tu unapoongeza kituo njiani. Ukimwambia dereva apinde kidogo kijijini, kisha kidogo hiyo ikawa kilomita 25 za vumbi, ana haki ya kuongeza. Taja vituo vyote mwanzoni.

Mita ya kilomita ipige picha kabla ya kuondoka, na uijaribu. Washa ramani ya simu kwa kilomita 10 za kwanza barabarani, linganisha. Mita ikisoma 11 wakati simu inasema 10, piga simu kwa mwenye gari hapohapo, kwani kwenye kilomita 430 kosa hilo ni zaidi ya kilomita 40 za kulipia bure.

Safari ya upande mmoja, mathalani kuchukua Tabora na kuacha Kigoma, ina gharama halali ya kurudisha gari tupu, kama kilomita 400 za mafuta na siku ya dereva. Isiyo halali ni kutozwa mafuta ya kurudi, siku ya dereva, na tena kilomita za kurudi kwa bei ya kilomita ya ziada. Hapo unalipia barabara moja mara mbili.

Na anayekwenda Gombe asikodi gari la siku tatu. Hifadhi ile haifikiki kwa barabara. Watu hupanda boti Kibirizi au mjini. Gari litalala ufukweni likihesabiwa siku. Kodi safari ya kupelekwa, na nyingine ya kufuatwa.

Mafuta

Mtindo wa haki ni tanki kujaa kwa kujaa: unalipokea limejaa, unalirudisha limejaa. Mtindo wa "lirudishe lilivyo" nao unafaa endapo mshale umepigwa picha, ila mshale hudanganya. Kwa Noah yenye tanki la lita 60, robo ni lita 15, na gari likiegeshwa kwenye mteremko mshale unasogea. Egesha tambarare, washa swichi, subiri mshale utulie, ndipo upige picha.

Mtindo wa kuepuka ni ule wa kulipia tanki zima mapema na kulirudisha tupu. Hakuna anayerudisha gari tupu. Lita zinazobaki ni zawadi kwa mwenye gari.

Kwa Land Cruiser zenye tanki mbili, sharti liseme tanki zote mbili. Baadhi zina kitufe cha kuhamisha na geji inaonyesha tanki moja kwa wakati. Unaweza kukabidhiwa tanki kuu limejaa na la pili halina kitu, kisha ukadaiwa zote.

Ukishindwa kujaza, bei ya lita isiwe ya kubuni. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, Jumatano ya kwanza, kwa kila mji, Kigoma na Tabora zikiwemo, na unaweza kuzipata kwa kupiga \*152\*00#. Kubali bei hiyo pamoja na ada ndogo ya usumbufu iliyoandikwa. Jaza kwenye kituo cha karibu na mahali pa kurudisha, simamisha pale bomba linapokata lenyewe mara ya kwanza, na tunza risiti yenye saa.

Ukiwa na dereva na mafuta ni yako, pima ulaji. Noah ya injini ya lita mbili kwenye lami hukaribia kilomita 10 kwa lita. Kasulu na kurudi ni lita 20 hivi. Milima ikiongeza, sema 23. Ikifika 30, ama injini ina shida, ama kuna dumu mahali fulani. Lipia mafuta mwenyewe pampuni badala ya kutoa fedha taslimu, na mjadala huo hautazaliwa.

Dereva au uendeshe mwenyewe

Faida kubwa ya dereva wa mwenye gari haitajwi sana: akigonga, ajali ni ya mwajiri wake. Wewe ni abiria. Mikwaruzo, pancha, bampa, kioo, vyote vinabaki kwao, ila uwe umemlazimisha kupita mahali alipokataa. Kwa barabara za pembeni za Buhigwe au Uvinza wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, faida hiyo peke yake inaweza kuzidi posho yake yote. Vivyo hivyo kwa udongo wa mbuga wa Igunga na Nzega, ambao ukilowa hunasa gari hata lile la magurudumu manne, na trekta la kulivuta halina bei elekezi.

Hasara yake ni posho isiyo na mipaka. Asubuhi ni chai, mchana ni chakula, usiku ni chumba, halafu kuna "vocha". Patana kiasi kimoja kwa siku, "chakula na malazi ndani", na kiasi tofauti kwa usiku wa kulala nje ya mji. Uliza pia kama posho anapewa na wewe au na tajiri wake. Mara nyingine mkodi anailipa ofisini na kuilipa tena barabarani.

Ukiendesha mwenyewe, soma sharti la barabara. Mikataba mingi ina mstari unaosema gari lisitoke nje ya lami, au lisivuke mkoa. Ukienda kijijini na mstari huo umo kwenye mkataba, kila uharibifu utakuwa wako hata kama bima ipo. Omba majina ya maeneo unayokwenda yaandikwe. Kwa kuvuka Manyovu kuingia Burundi, usitegemee maneno: inahitajika barua ya ruhusa ya mwenye gari na bima ya nje, ile Kadi ya Njano ya COMESA, na gharama yake ijulikane nani anaibeba.

Bima: angalia rangi ya namba kwanza

Gari la binafsi lina namba ya njano, la biashara nyeupe. Bima ya gari la binafsi kwa kawaida huandikwa kwa matumizi binafsi, na kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa ikigundua gari lilikuwa limekodishwa. Ndiyo maana gari la dalali ni rahisi: mwenye nalo hajalipia hatari anayokupa. Siku ya ajali atakugeukia wewe.

Bima ndogo, ya mtu wa tatu, ndiyo ya lazima kisheria, na hailipi gari ulilokodi hata shilingi. Inawalipa wengine uliowaumiza au kuwaharibia. Bima kubwa inalipa gari lenyewe, lakini ina kiasi cha kwanza cha hasara ambacho haikilipi, na hicho ndicho ofisi itakukata. Uliza kiasi hicho kwa tarakimu. Mkataba wa haki unasema: hasara ikiwa ndogo kuliko kiasi hicho unalipa gharama halisi, ikizidi, unalipa kiasi hicho tu. Kinachotokea mara nyingi ni ofisi kukudai matengenezo yote huku ikipeleka madai yaleyale kwa bima. Ukilipa matengenezo yote, andikiana nao kwamba fedha ya bima ikitoka inarudi kwako.

Bima ihakikiwe kabla ya kupokea funguo. Mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, unaruhusu mtu yeyote kuingiza namba ya gari na kuona kama bima iko hai na ya aina gani. Leseni yako nayo iwe hai na ya daraja la gari hilo, maana leseni iliyoisha ni mlango wa kwanza wa bima kujitoa. Ajali ikitokea, ita polisi hata kama ni kubonyea kidogo. Bila ripoti ya polisi hakuna dai la bima, na hapo hata bima kubwa inakuwa karatasi.

Mikwaruzo, tairi na kioo

Piga video moja isiyokatwa, ukianzia kwenye namba ya gari, ukizunguka kutoka mlango wa dereva mpaka urudi palepale. Fanya hivyo mchana, gari likiwa safi. Gari lenye vumbi jekundu la Kigoma huficha kila kitu, na mikwaruzo ya zamani huonekana mipya baada ya kuoshwa siku ya kurudisha. Likija chafu, limwagie maji kwanza. Sehemu zinazosahaulika ni hizi: chini ya bampa la mbele, kingo za rimu, paa, vioo vya pembeni, na sakafu chini ya mazulia. Piga picha spea tairi, jeki, spana ya gurudumu, pembetatu za tahadhari, kizima moto na redio. Washa injini na upige picha dashibodi: taa ya injini ikiwaka leo, isije ikasemekana uliiwasha wewe. Chungulia chini ya injini kama kuna oili inayodondoka.

Video hiyo itume kwa mwenye gari WhatsApp kabla ya kuondoka. Ikiwa kwenye simu yako pekee, atadai ni ya siku nyingine.

Tairi ndilo linalogombaniwa zaidi. Pancha ya msumari ni ya mkodi, sawa, na ni gharama ya kuziba. Tairi kupasuka ubavu ni jambo jingine: linaweza kutokana na jiwe, au na uzee. Ubavuni pana tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Tairi la umri huo halidaiwi kwa bei ya jipya. Njia ya kukokotoa ni hii: tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha kashata (mifereji ya juu ya tairi) cha milimita 8 hivi, na likifika 2 linastahili kutupwa. Kazi yake yote ni milimita 6. Kama lilikuwa na 4 siku ya kulipokea, limebakiza 2 kati ya 6, yaani theluthi. Ikiwa jipya ni 180,000, deni lako ni 60,000. Pima kwa sarafu au rula, upige picha. Tairi kipara likipasuka hudaiwi kitu, na kwa kweli hupaswi kuondoka nalo.

Kioo cha mbele kinapigwa na kokoto za malori hata dereva awe makini vipi. Patana kabla: kidoa cha jiwe ni uchakavu, ufa mrefu ni nusu kwa nusu. Mwenye gari anayekataa kabisa kulizungumza hili ana kioo chenye ufa tayari. Kiangalie ukiwa ndani, jua likiwa mbele yako.

Ipo tozo ya siku za gari kukaa gereji. Si dhuluma moja kwa moja, kwani gari lisilofanya kazi halileti fedha. Lakini vipuri vingi vinatoka Dar es Salaam, na gari linaweza kungoja taa ya nyuma kwa juma zima. Weka ukomo kwenye mkataba, mathalani siku tatu, na barua ya gereji ionyeshe siku za kazi yenyewe. Kwa matengenezo yoyote, dai makadirio ya gereji mbili na uone kipuri kilichoharibika. Mkwaruzo wa mlango mmoja hautoi sababu ya kupaka rangi upande mzima.

Faini na maegesho

Faini ya kosa la barabarani inabaki kwenye namba ya gari mpaka ilipwe. Mfumo wa polisi mtandaoni unaonyesha deni kwa namba ya gari. Ufungue siku ya kupokea gari, piga picha ya skrini, uufungue tena siku ya kurudisha. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo yako, pamoja na tarehe, mahali na kosa. Deni la maegesho nalo hufuata namba ya gari, liangalie vilevile. Bila picha ya siku ya kwanza, tochi za polisi zilizompiga mteja wa mwezi uliopita zitakuwa zako. Ada ya ofisi ya "kushughulikia faini" ikizidi faini yenyewe, ifutwe kabla ya kusaini.

Dhamana, risiti na fedha

Usiache kitambulisho halisi cha NIDA wala pasipoti. Acha nakala. Dhamana iwe fedha, kiasi kiandikwe, na siku ya kurudishwa itajwe: palepale gari likikaguliwa, au ndani ya siku chache kama wanasubiri faini. Lipa kwa Lipa Namba au benki kwa jina lilelile lililo kwenye mkataba. Fedha iliyotumwa kwenye namba ya dalali ni vigumu kuidai kwa mwenye gari.

Anayeongeza VAT (kodi ya ongezeko la thamani) juu ya bei aonyeshe namba yake ya usajili wa VAT na risiti ya EFD. Asiyesajiliwa hana ruhusa kuitoza, na usiposema kitu anabaki nayo. Muulize tangu mwanzo: bei hii VAT iko ndani?

Uchague lipi

Mwenye shughuli za mjini tu, Kigoma au Tabora, siku mbili au tatu: gari bila dereva lenye kikomo cha kilomita, kutoka ofisi, linamtosha. Likipatikana la dalali lenye namba nyeupe na mwenye gari mnazungumza, nalo linafaa.

Mwenye kazi wilayani, Kasulu, Kibondo, Kaliua au Sikonge, achukue gari na dereva, kilomita huru, mafuta alipie mwenyewe pampuni. Hapa hatuna shaka. Akaunti ya shirika au mradi inayohitaji risiti haina budi kupitia ofisi, hata ikiwa ghali kwa siku.

Safari moja yenye mwisho unaojulikana: bei ya safari. Gari la hoteli libaki kwa uwanja wa ndege na stesheni.

Gari la namba ya njano bila dereva kwa safari ndefu ya vumbi ndilo tusilolipendekeza, hata bei ikiwa nusu.

Mkishapishana

Usitoe dhamana yote ili tu uwahi treni. Andika kwenye fomu ya kurudisha "sikubali tozo hii" na kiasi chake, saini, piga picha. Lipa sehemu usiyoipinga na uombe risiti. Omba mchanganuo: tozo gani, kifungu kipi cha mkataba, ushahidi upi. Tozo nyingi hufa hapo, kwa sababu hakuna kifungu.

Kama kifungu kipo lakini kiasi ni cha kutisha, mathalani laki tano kwa funguo iliyopotea au milioni kwa kuchelewa, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inasema aliyevunjiwa mkataba anapata fidia ya kiasi kinachofaa isiyozidi kile kilichoandikwa. Maana yake kiasi kilichoandikwa ni dari. Anayedai hapati zaidi ya kiasi kinachofaa, hata kilichoandikwa kikiwa kikubwa. Mtajie kifungu hicho kwa upole, na bei ya funguo mpya kutoka kwa fundi mwingine mkononi. Akishikilia, peleka malalamiko kwa maandishi Tume ya Ushindani ikiwa ulidanganywa kuhusu bei, au fungua dai la deni Mahakama ya Mwanzo, ukiwa na mkataba, ujumbe, video na risiti za pampu.